Kati ya wangapi? Ushauri kwa anayekwenda warsha ya uandishi wa habari za sayansi

Vijana wanaoanza kazi kwenye vyumba vya habari huniuliza kama warsha za uandishi wa sayansi zina maana yoyote zaidi ya posho na cheti. Zina maana, tena kubwa, ila kwa yule anayekwenda na kazi mkononi: utafiti mmoja aliousoma, habari moja aliyoianza na ambayo bado haijakaa sawa. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa miaka mingi redioni, na warsha niliyohudhuria Morogoro ndiyo iliyonifunza kutazama jedwali la matokeo kabla ya kusoma taarifa iliyoandaliwa kwa ajili ya waandishi. Nitaeleza kwa kirefu zoezi moja tu, maana mengine yote niliyoyapata pale yanatoka humo.

Asubuhi ya kwanza mwezeshaji aligawa kurasa chache za utafiti uliofanyika Kisumu, Kenya, kuona kama tohara inapunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa wanaume, kisha akaomba kila mmoja aandike kichwa cha habari na aya ya kwanza na kubandika karatasi yake ukutani. Ukuta ukajaa asilimia 53: tohara yapunguza maambukizi kwa asilimia 53, tohara kinga ya ukimwi, wataalamu wathibitisha. Nambari ilikuwa sahihi, imetoka kwenye utafiti wenyewe. Mwezeshaji akasoma vichwa vyote kwa sauti, akauliza: kijana wa bodaboda akisikia hivi redioni jioni hii, atafanya nini usiku? Hakuna aliyejibu haraka.

Tukarudi kwenye jedwali. Watafiti waliandikisha wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa hawana virusi vya ukimwi. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Wanaume 1,391 walitahiriwa mapema, na 1,393 wakaombwa kusubiri miaka miwili. Wa kundi hili na wa kundi lile walipata huduma zile zile: ushauri nasaha, vipimo na kondomu. Utafiti uliposimamishwa Desemba 2006, waliokuwa wameambukizwa katika kundi la waliotahiriwa walikuwa 22, na katika kundi la waliosubiri walikuwa 47. Kutoka hapo ndipo inapopatikana ile 53.

Sasa sema matokeo hayo hayo kwa namna nyingine. Katika miaka miwili, kati ya kila wanaume 100 ambao hawakutahiriwa, wanne hivi waliambukizwa. Kati ya 100 waliotahiriwa, wawili hivi. Ni nusu, kama utafiti ulivyosema. Lakini msikilizaji wa sentensi hii anaona mambo ambayo asilimia peke yake inamficha. Anaona kuwa wapo waliotahiriwa na bado wakaambukizwa. Anaona kuwa kundi la pili lilikuwepo, na kwamba nafuu inayotajwa ni nafuu ya kulinganisha. Kijana wa bodaboda akisikia "wawili kati ya mia" anaelewa kuwa anaweza kuwa mmoja wa hao wawili. Akisikia "kinga" haelewi hivyo.

Mwenzetu mmoja mwenye kichwa cha hesabu akagawanya 47 kwa 1,393 kwenye simu yake, akapata asilimia 3.4, wakati watafiti walichapisha 4.2. Alidhani amewakamata. Ikabidi turudi kwenye maelezo ya mbinu. Bodi iliyosimamia usalama wa washiriki ilisitisha utafiti mapema, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana wazi na haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Kwa hiyo si washiriki wote waliokuwa wamemaliza miaka miwili, na hesabu ya watafiti ilizingatia muda ambao kila mmoja alifuatiliwa. Swali la mwenzetu lilizaa somo kubwa kuliko vichwa vyote vilivyokuwa ukutani, na ndiyo sababu nakusihi uende na kikokotoo na usione haya kuuliza nambari inapokataa kulingana.

Tulijifunza pia kutafuta nani hayumo kwenye utafiti. Kisumu walichunguza wanaume, na swali lilikuwa kama mwanamume anapata nafuu. Mwanamke je? Jibu halikuwa kwenye kurasa zile. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliotoa matokeo mwaka 2009, uliwatahiri wanaume ambao tayari walikuwa na virusi, na haukuonyesha kwamba wenzi wao wanapata nafuu. Mwandishi anayeandika "tohara inalinda" bila kusema inamlinda nani amempa mke wa mtu ahadi ambayo hakuna mtafiti aliyeitoa. Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi, walipopendekeza tohara Machi 2007, waliiweka kama nyongeza juu ya njia nyingine za kujikinga, na maneno hayo ya nyongeza ndiyo ya kwanza kukatwa habari inapofupishwa.

Tangu hapo naanza kila habari kwa maswali matatu: kati ya wangapi, ukilinganisha na nani, kwa muda gani.

Muda nao una uzito wake. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika nchi saba za Afrika, kwetu Tanzania ikiwa Korogwe na Bagamoyo. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, matukio ya kuugua malaria yalipungua kwa karibu nusu katika mwaka wa kwanza. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka minne, wakiwa wamepata na dozi ya nne, upungufu ulikuwa asilimia 36. Zote mbili ni kweli. Ukimpa mama ile ya kwanza peke yake, ana sababu ya kukunja chandarua. Ukimpa zote mbili, ana sababu ya kumrudisha mtoto kliniki kwa dozi ya nne na chandarua kibaki juu ya kitanda.

Na shuhuda? Hapa nina msimamo mkali. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, kwa mchungaji mstaafu aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, watu wakanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Vyombo vya habari vilijaa watu wanaosema wamepona. Walikuwa watu halisi na walisema walichokiamini. Lakini aliyepata nafuu ndiye anayeifuata maikrofoni. Aliyezidiwa akiwa amerudi kijijini kwake hapigi simu chumba cha habari. Bila kujua walikunywa wangapi, na waliopimwa kabla na baada ni wangapi, shuhuda mia moja hazijibu swali la dawa. Simaanishi uwaache watu nje ya habari za sayansi, kwani habari isiyo na mtu haisomwi. Mtumie mtu kuonyesha ugonjwa unavyoishi naye. Kama dawa inatibu au haitibu, liachie jedwali lijibu.

Jambo jingine ambalo warsha hulipitia juu juu ni kwamba utafiti mmoja hauna neno la mwisho. Mfano wangu ni wa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye jokofu ukiwa moto ukiganda mapema kuliko uliokuwa umepoa. Alichekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote. Watu wetu wengi huishia hapo, kwa fahari ninayoielewa. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walirudia vipimo na hawakupata ushahidi wa maana, wakaonyesha kuwa hata kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja kunaweza kubadilisha jibu. Mjadala unaendelea. Ukiisimulia yote, heshima ya kijana yule haipungui hata kidogo, maana aliuliza swali lililowashughulisha wanafizikia zaidi ya nusu karne. Ndiyo sababu kila ninapopata matokeo mapya namtafuta mtafiti mwingine ambaye hakushiriki, nampa nakala, namuuliza angependa kuona nini zaidi kabla hajaamini.

Kuhusu mahojiano, shauri langu ni fupi: muulize mtafiti alichofanya kwa mikono yake. Ukimuuliza anayesoma mbu wa bonde la Kilombero "umuhimu wa utafiti wako ni nini", atakusomea utangulizi wa ombi lake la fedha. Muulize amewakamata vipi, saa ngapi, amewatambuaje. Atakueleza mitego ndani ya nyumba za watu, usiku, kisha kazi ya kutenganisha mbu mmoja mmoja na kupima wepi wamebeba vimelea. Hapo utaelewa, na msomaji ataelewa, jinsi walivyogundua kuwa mbu wa aina ya Anopheles funestus, ambaye mara nyingi ni mchache kuliko jamaa zake, ndiye anayeambukiza sehemu kubwa ya malaria pale.

Sasa mambo ya warsha yenyewe. Kwenye kazi za vikundi chagua kundi dogo, na wewe ndiye ushike kalamu ya bango kitita, kwa sababu anayeandika ndiye anayelazimika kuelewa. Omba habari yako isomwe kwa sauti na mtu mwingine; anapokwama pumzi, hapo sentensi yako ina tatizo. Watafiti walioalikwa kutoa mada usiwaache waondoke na chai ya saa nne. Kaa nao, omba namba, uliza kama utaweza kuwapigia ukiwa na swali la hesabu tu, bila kuwanukuu. Wengi hukubali, na msaada wa namna hiyo utakufaa kwa miaka.

Ukirudi kazini utakutana na mhariri mwenye nafasi ya maneno 300, au sekunde 40 hewani. Acha jina la jarida, acha cheo kirefu cha profesa, hata asilimia iache kama huna budi. Usiache kundi la kulinganisha. Na kichwa cha habari usimwachie mhariri wa zamu akitunge peke yake saa mbili usiku: tuma viwili pamoja na habari, vyote vifupi vya kutosha kuingia kwenye safu, vyote viwe ambavyo mtafiti angeviona asubuhi asikupigie simu. Akikuta kimoja kinaingia, mara nyingi hukichukua kama kilivyo.