Jibu: Mteja kaweka picha za menyu kwenye bango
Sasa ndugu, pole sana. Kama nimekuelewa, ulipigia mkahawa picha za chakula za menyu na Instagram, wakakulipa, sasa moja iko kwenye bango kubwa Mombasa Road na wanakwambia picha ni zao.

Kabla hujawapigia simu tena, fungua kwotesheni uliyowatumia, LPO yao (ile oda ya kazi waliyokutumia) na zile meseji za WhatsApp, tafuta popote panaposema picha ni za nini. Kesi yako yote iko hapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imeenda kwa aliyeagiza isipokuwa mlikubaliana vingine, kwa hivyo ile ya "mimi ndiye nilipiga" pekee haikufikishi mbali, na inaniuma kusema hivyo maana jasho ni lako.

Ukipata hata meseji moja ya "za menyu na Insta tu", piga hilo bango picha, weka tarehe, halafu watumie invoisi ya matumizi ya ziada kwa imeili, kwa upole, na hiyo meseji uiambatishe. Mimi huanza na mtu wa maketing, mara nyingi ni ajensi ya matangazo ilichukua faili bila kuuliza.

Usipopata kitu, usitishe mtu. Kwotesheni ijayo andika: "Menyu na mitandao ya kijamii, Kenya, miezi 12. Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Bango na TV bei tofauti." Wasaini kabla hujatoa kamera kwa begi.