Sketchi: kuandika kila neno ao kutoa mu kichwa?

SWALI: Jambo yaya. Siye ni wanafunzi watano wa kampusi ya Kasapa, hapa Lubumbashi, tuko na kundi ya sketchi, tunachezaka mu oditware siku ya sikukuu na mara moja moja mu nganda (bar). Sasa tumegawanyika. Wawili wanasema kila neno iandikwe na tushike kwa kichwa, watatu tunasema ukiandika inakufa, bora tupande tu ku sene tuongee. Kila repetisyo inaisha na makelele. Tunasikia kule Marekani kuko kundi kubwa ya kuchekesha yenye ilianzaka na wanafunzi tu kama siye. Wao mwanzoni walifanya namna gani? (Watano wa Kasapa)

JIBU: Wadogo wangu, kundi yenye munasikia ni Second City ya Chicago, yenye ilifungua mlango tarehe 16 Desemba 1959. Lakini musianzie hapo. Muanzie ku kundi yenye iliizaa, Compass Players ya 1955, juu palabre yenu yote iko pale na jibu yake iko pale.

Wakati ule University of Chicago haikuwa na fakilite ya teatri. Vijana walikuwa wanasoma mambo ingine, jioni ndio wanacheza. Kati ya wale wangecheza baadaye mu Compass, Mike Nichols alikuwa ameingia masomo ya kuelekea udaktari, Elaine May yeye hata hakujiandikisha, alikuwa anaingia tu mu oditware anakaa anasikiliza. Mwenzao Paul Sills, pamoja na Eugene Troobnick na David Shepherd (huyu hakusoma pale, alikuja toka inje na wazo kubwa mu kichwa), wakafungua mu 1953 Playwrights Theatre Club, ndani ya nyumba yenye zamani ilikuwa restora ya Wachina. Wakacheza michezo ya Brecht, mwandishi Mjerumani, wakacheza ya Shakespeare, michezo karibu 25 mu miaka miwili, mpaka 1955 wakafungiwa juu ya sheria za mji za kuzuia moto.

Shepherd alikuwa tayari amechoka. Yeye alitaka teatri ya wafanyakazi, watu wa kawaida wajione ku sene, na kila jioni anaona mu viti paka wasomi. Basi tarehe 5 Julai 1955 wakafungua Compass ndani ya bar ya 55th Street karibu na kampusi ya University of Chicago, watu wana bia mkononi, wanaongea, hakuna mtu amekuja na heshima ya teatri. Kama munachezaka mu nganda munajua vile inakuwa, ukichelewa kidogo tu meza ya nyuma inaanza habari zake.

Sasa taabu ikawa moja: walitaka mchezo mpya kila wiki, na nani anaweza kuandika mchezo mzima kila wiki? Hakuna. Ndio pale walitumia senaryo. Mtu analeta karatasi yenye iko na mifupa ya hadisi tu: sene ya kwanza nani anaingia, anatafuta nini, nani anamuzuia, sene inaishia wapi. Hakuna hata sentensi moja ya kushika. Maneno yenyewe wachezaji wanayatoa pale pale mbele ya watu. Moja ya zile za kwanza, ya Roger Bowen, ilikuwa juu ya vijana na gari ya zamani na mfanyabiashara wa magari ya okazyo, na mutaniambia kama hiyo hadisi haiwezi kuchezwa hapa kwetu leo jioni bila kubadilisha kitu! Kila jioni, kabla senaryo ianze, walikuwa wanacheza habari za gazeti ya siku ile, na mwisho wanauliza pibliki watoe wazo na wanaicheza.

Lakini musifikiri walikuwa wanapanda hivi hivi. Hapa wale watatu wanaosema "tupande tu" wasikilize muzuri. Mama yake Paul Sills, Viola Spolin, alikuwa amefundisha watoto wa Chicago kwa michezo yenye alitunga mwenyewe, wengi watoto wa wahamiaji, na huyu mama ndiye alikuja kuwafundisha wale wa Compass. Moja inaitwa kioo: wawili wanasimama wanaangaliana, mmoja anasogeza mkono polepole, mwenzake anamufuata sawa na kioo, kisha wanabadilishana, kisha tena mpaka hauoni nani anaongoza. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini inakufundisha kumuangalia mwenzako na kuacha kutafuta kichekesho yako peke yako, na kwa kusoma barua yenu, ni hiyo kabisa inawakosekana. Mu 1957, mu Compass ingine yenye ilifunguliwa mu mji wa St. Louis, Elaine May na wenzake Del Close na Ted Flicker wakaweka hata kanuni, ya kwanza ni usikatae kitu yenye mwenzako ameleta. Akisema wewe ni shemeji yake, we ni shemeji yake, imekwisha.

Na Second City? Wakaongeza kitu moja tu: sketchi ikitoka muzuri mu improvizasyo (kucheza bila maneno ya kuandikwa) wanairudilia, wanakata kwenye iko refu, wanaishika, inaingia mu tamasha. Kwa hiyo kuandika kunakuja, lakini kunakuja nyuma.

Sasa niwaambie jambo linaniuma. Munatafuta mpaka Chicago na hapa Lubumbashi kundi ya Mufwankolo, teatri ya Kiswahili yenye wazazi wenu walicheka nayo ku radio na televizyo, walikuwa wanafanya vile vile bila kuchukua kwa mtu. Mu 1986, bado wakati wa Mobutu, walitengeneza mchezo mzima juu ya msemo "le pouvoir se mange entier" (utawala unaliwa mzima). Walikaa kwanza wakabishana huu msemo unasema nini, wakagawa hadisi kwa sene, kila mtu akajua anaingia wapi, na maneno wakayatoa wenyewe kwa Kiswahili ya hapa, bila karatasi ya kushika. Yote inajulikana leo juu Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha kwanza ku iniversite yetu, alifuata ile kazi tangu mazungumzo ya kwanza na kuiandika. Watafuteni wazee waliocheza siku zile, mukiwapata, muulize, watawaambia zaidi yangu.

Repetisyo ijayo basi: wale wawili wanaopenda kuandika waandike senaryo, ukurasa mmoja, sene tano tu, hakuna maneno. Wale watatu wacheze na wale wawili wacheze pia, mmoja anarekodi na telefone. Mucheze mara tatu. Kisha musikilize wote pamoja, kwenye mumecheka nyote ndio munaandika, ingine munatupa hata kama ni ya yule anapenda sana kuongea. Na mu nganda muanze na habari ya mji ya siku ile, dakika mbili tatu, maji, umeme, bei ya unga, juu hapo hata meza ya nyuma itageuka.