Shaba Kwenye Mtutu Haitolewi kwa Nguvu

Mzee mmoja jirani yangu hapa Dodoma alinipigia simu kunieleza kwamba darubini ya raifo yake imekufa. Raifo yenyewe ni ya risasi za .30-06, ya siku nyingi, anaimiliki kihalali tangu yuko kazini, na miaka yote hiyo risasi zake tatu kwa mita 100 zilikuwa zinafunikwa na kibiriti kimoja. Sasa, anasema, matundu yanatawanyika upana wa sahani ya chai. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya darubini mpya.

"Shikamoo mzee. Mtutu unausafishaje?"

"Marahaba. Kila nikipiga nausafisha, kijana wangu. Mafuta ya cherehani na kitambaa, mpaka kitambaa kitoke cheupe."

Hapo nikajua darubini yake ni nzima.

Nimetunza bunduki za kambi ya uwindaji kule Rungwa kwa misimu kadhaa, na kitambaa cheupe kimenidanganya mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mafuta ya cherehani yanazuia kutu, sina ugomvi nayo. Ila shaba hayaigusi kabisa. Unaweza kupitisha kitambaa chenye mafuta hayo mpaka adhana ya magharibi, kitatoka cheupe, na shaba iko pale pale.

Inafikaje humo? Kichwa cha risasi za raifo nyingi ni madini ya risasi yaliyovikwa koti la shaba (Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa, unachofyatua ni risasi na madini yenyewe ni risasi). Koti hilo kwa kawaida ni shaba asilimia 95 hivi na zinki kidogo. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ili kichwa kitoke kikizunguka na kwenda bila kuyumba. Kichwa cha .30-06 kinapita humo kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde, kimebanwa, kinasuguana na chuma, na kila mara kinaacha ngozi nyembamba ya shaba. Risasi inayofuata inapaka masizi ya baruti juu ya shaba hiyo, kisha shaba nyingine juu ya masizi. Matabaka yanapandana kama chapati ya kukunja. Yakizidi, mifereji haishiki risasi sawasawa na shabaha inaanza kutangatanga. Wale wanaopiga risasi za shaba tupu, zisizo na madini ya risasi ndani, wategemee shaba nyingi zaidi. SMG za askari (AK-47 na ndugu zake) zina nafuu kidogo kwa sababu mtutu wake umepakwa kromi kwa ndani.

Nilimwambia mzee asinunue kitu, nikaenda kwake asubuhi iliyofuata. Bunduki yake, leseni yake, barazani kwake, na yeye mwenyewe amekaa pembeni na kikombe cha chai. Sheria ya silaha haina utani, na mimi sichukui bunduki ya mtu kuipeleka kwangu hata kwa dakika kumi.

Kwanza tukahakikisha haina kitu: magazini nje, bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) nje, kidole ndani ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha macho. Mzee alisema yeye ameshaangalia. Nikaangalia tena, na yeye akaangalia baada yangu. Halafu tukaielekeza kwenye mwanga, nikamulika tochi ya simu mdomoni mwa mtutu kwa upande, si moja kwa moja. Ukimulika moja kwa moja kila kitu kinang'aa na huoni lolote. Ukimulika kwa upande unaona michirizi myekundu juu ya kingo za mifereji, sentimita chache za mwisho kabla ya mdomo. Rangi yake ni ile ya senti tano ya zamani yenye samaki.

"Mh," mzee akasema. "Hii yote?"

Nikamwambia hiyo ni ile inayoonekana tu.

Kabla sijaendelea na mtutu wa mzee, nikiri ya kwangu, maana ushauri wote ninaotoa umetokana na kuharibu.

Msimu wangu wa kwanza nilikuta raifo ya .375 ya kambi ina shaba hivyo hivyo. Nilikuwa kijana, nikaamua kuikomesha. Nikachukua fimbo ya chuma ya kuungaunga vipande vitatu, nikaiingizia mdomoni kwa sababu huko ndiko karibu, nikasugua kama nasugua sufuria la makande. Kosa hilo lina matatu ndani yake. Mdomo wa mtutu ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla ya kwenda zake; ukingo wake ukilika upande mmoja, hewa ya moto inaisukuma risasi upande. Fimbo ya vipande inapinda na viungo vyake vinakwaruza. Na vumbi la barabara ya Itigi kwenda Rungwa lilikuwa limejaa kwenye fimbo ile, kwa hiyo nilikuwa napitisha msasa. Mwindaji bingwa wetu alinikuta, hakunigombeza. Alichukua fimbo akaitupa kwenye tanuri la jikoni, akaenda zake. Siku mbili sikuweza kumtazama usoni.

Kosa la pili lilinigharimu usiku mzima. Safari hii nilikuwa na dawa nzuri yenye amonia na fimbo ndefu isiyo na kiungo. Amonia inayeyusha shaba na kugeuka bluu, ndiyo ishara yake: kitambaa kikitoka na bluu, bado kuna shaba. Basi nikapitisha kitambaa, bluu. Nikapiga brashi, nikasubiri, kitambaa, bluu. Saa tatu, saa nne, saa tano usiku, chupa imefika nusu, na bluu haipungui. Nikaanza kuamini mtutu wote ni wa shaba. Ilikuwa brashi. Brashi yangu ilikuwa ya bronzi, na ncha ya fimbo inayoshika kitambaa ilikuwa ya shaba nyeupe, na vyote viwili vina shaba ndani yake. Dawa ilikuwa inakula vifaa vyangu na kunionyesha rangi. Kwa hiyo ukitumia dawa ya shaba, brashi iwe ya nailoni na ncha iwe ya plastiki, alumini au chuma kilichopakwa nikeli. Brashi ya bronzi ina kazi yake, ya kutoa masizi, na ukimaliza unaiosha na kuiweka mbali.

La tatu ni kuacha dawa ya amonia mtutuni ukaenda kulala. Sikulifanya mimi, ila nimeuona mtutu wa aliyelifanya, umechomekachomeka kwa ndani kama uso uliopona tetekuwanga. Soma chupa. Ikisema dakika 15, weka kengele ya simu dakika 15. Haijalishi nani kaja kukusalimia.

Turudi barazani. Tulianza mapema kwa sababu upepo wa Dodoma mwezi wa nane ukiamka saa nne, kila kitu chenye mafuta kinageuka kuwa gundi ya vumbi. Raifo tukailaza juu ya magunia mawili yaliyokunjwa, mdomo umeshuka kidogo chini, ili dawa isirudi kwenye kifyatulio wala kwenye mbao. Amonia inabandua vanishi ya kitako vizuri kabisa. Nyuma, mahali pa bolti, nikaweka bomba dogo la plastiki linaloongoza fimbo ipite katikati. Kama huna bomba hilo, angalau ingiza fimbo kutoka nyuma, kwa unyoofu, taratibu. Bunduki ambazo muundo wake haukuruhusu kuingia kutoka nyuma zinasafishwa kwa kamba maalumu inayovutwa kuelekea mdomoni.

Vitambaa nilikuwa nimekata nyumbani kutoka fulana ya pamba iliyochakaa, mraba mdogo wa kupita kwa kubana bila kukwama. Ukilazimika kuegemea fimbo kwa kifua, kitambaa ni kikubwa mno. Wengine hununua flana ya pamba pale Soko la Majengo, mita moja inakaa mwaka.

Masizi kwanza. Hapa watu wengi wanaruka. Dawa ya shaba haipenyi masizi, sasa ukiimwaga juu ya masizi unaipoteza. Nilitumia dawa ya kawaida ya baruti, aina ya Hoppe's No. 9 ambayo ipo tangu 1903 na harufu yake kila mtunza bunduki anaijua akiwa amefumba macho. Kitambaa kilicholowa, kipite mara moja, kitoke mdomoni, kidondoke. Usikirudishe nyuma, utarudisha uchafu ndani. Kila fimbo inapotoka, ifute. Brashi mara kumi hivi, dakika kumi za kupumzika, vitambaa vikavu mpaka weusi upungue.

Ndipo dawa ya shaba. Nilivaa glavu, tukakaa kwenye hewa. Mzee alikunja pua: "Hii si harufu ya zizi la mbuzi?" Ni hiyo hiyo, amonia ni amonia. Na hapa nasema kwa herufi nzito hata kama blogu yangu haina herufi nzito: usichanganye dawa hii na jiki, wala usiimwage kwenye beseni au choo kilichotiwa jiki. Hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu.

Kwa kitambaa cha kwanza niliupaka mtutu dawa, nikapitisha brashi ya nailoni mara chache, tukasubiri dakika kumi. Mzee akanimiminia chai. Kitambaa cha pili kilitoka na bluu nzito, ile ya sare ya shule, kingo zake kijani. Mzee alikishika kwa kijiti akakigeuzageuza juani, akakaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu vitambaa vyeupe vya miaka kumi na tano.

Tulikwenda hivyo mizunguko minne. Wa pili, baada ya shaba ya juu kuondoka, weusi ulirudi: tabaka la masizi lililokuwa limezikwa. Ikitokea hivyo, usishangae, rudi kwenye dawa ya baruti, kisha endelea. Usimimine dawa moja juu ya nyingine, kausha mtutu katikati. Mzunguko wa nne bluu ilikuwa kama maji yaliyochovywa kalamu. Nikaacha hapo.

Mzee alitaka tuendelee mpaka iishe. Nikamkatalia kwa heshima. Mtutu hauhitaji kuwa kama uliotoka kiwandani, unahitaji kupiga sawa. Mitutu mingine inapiga vizuri zaidi ikiwa na shaba kidogo iliyojaza mikwaruzo midogo ya chuma. Na kila fimbo unayoipitisha ni nafasi nyingine ya kukwaruza. Karatasi ya shabaha ndiyo inayojua wakati wa kusafisha, si kalenda. Matundu yakianza kuachana bila sababu, skrubu za darubini zimekazwa, risasi ni zile zile, bega ni lile lile, ndipo tafuta shaba. Baruti na unyevu ni jambo jingine, hivyo vifutwe baada ya kila matumizi.

Baada ya dawa, vitambaa vikavu, kimoja cha dawa ya baruti kuondoa mabaki ya amonia, vikavu tena, kisha kimoja chenye mafuta mepesi. Chemba ikaushwe kwa kitambaa chake. Watu wanaisahau, na chemba yenye mafuta inafanya ganda la risasi liteleze na kuisukuma bolti kwa nguvu isiyotakiwa.

Na sasa lile ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Mtutu uliotoka kusafishwa haupigi pale ulipozoea. Rungwa, usiku mmoja nilisafisha .375 ya mgeni kwa mapenzi yote, nikaipaka mafuta, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi akapata palahala dume, pembe zimerudi mpaka mgongoni, mita 120, amesimama ubavu. Risasi ilipita juu ya mgongo, tukaona vumbi nyuma yake. Mgeni alilaumu upepo, mwindaji bingwa alimlaumu mgeni, mimi nilitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo sisafishi shaba usiku wa kuamkia porini. Ukishasafisha, nenda uwanja wa shabaha, pitisha kitambaa kikavu kutoa mafuta, piga risasi mbili tatu za kuutuliza mtutu bila kuzihesabu, ndipo upige zile za kuhesabu.

Ndivyo mzee alivyofanya wiki mbili baadaye. Ya kwanza ilikwenda juu kushoto, akanitazama. Ya pili ikasogea. Zile tatu zilizofuata nikazifunika kwa kibiriti, japo kona ya moja ilikuwa imechungulia nje. Mzee akasema hiyo iliyochungulia ni bega lake, si bunduki, na wala nisije nikalisafisha kwa dawa.

Vitambaa vya bluu tulivifunga kwenye mfuko na kuvitupa mbali na mbuzi wake, maana mbuzi wa Dodoma anakula chochote.