Kisu cha Case chenye nukta nne ni cha mwaka gani?

Ndugu, kisu chako cha kukunja chenye maandishi CASE XX U.S.A. kwenye bapa na nukta nne chini yake huenda ni cha 1976. Case, kiwanda cha visu cha Marekani, kilianza 1970 kwa nukta kumi, kikawa kinaondoa moja kila mwaka. Ila zitazame herufi S kwa lenzi: zikiwa na pembe kali kama radi, hiyo ni hesabu iliyoanza upya 1980, basi ni cha 1986. Kagua pia riveti, yaani pini za chuma zinazoshikilia bapa na mpini. Zikiwa zimegongwa upya, pengine bapa limebadilishwa, na mwaka uliousoma ni wa bapa tu, si wa mpini. Na tafadhali, usikisugue king'ae! Ule weusi wa chuma ndio wanaoutaka wakusanyaji. Tone la mafuta kwenye kiungo linatosha.