Mtoto anayenyamaza shuleni: mwimbie mwenyewe, na umwachie nafasi

Dada mleta mada, pole sana kwa msiba. Umesema mwanao ana miaka 4, mmehamia Dar kutoka Tabora baada ya baba yake kufariki, kila asubuhi analia getini na shuleni haongei na mtu. Bibi yake anasema atazoea tu. Wewe unauliza kama kumwekea nyimbo kwenye simu kutamsaidia. Nimefundisha darasa la awali Mbagala miaka 11, na kuna mtoto mmoja namkumbuka kila ninaposoma habari kama hii.

Alikuja mwezi wa pili, amefiwa na bibi aliyemlea. Wiki tatu hakutoa neno. Anakaa ukingoni mwa mkeka, kashika pindo la gauni langu, na ukimuuliza kitu anafumba macho. Nilijaribu kumpakata, nikajaribu pipi, nikajaribu kumsemesha kwa upole. Wapi!

Asubuhi tulikuwa na wimbo wa kuitana, nimeutunga mwenyewe, mwepesi kabisa. Naimba "Nani kaja leo?", nataja jina, tunapiga makofi mawili, mwenye jina anaitikia "Nipo!" Ikifika zamu yake nilitaja jina lake, nikanyamaza kidogo bila kumtazama, kisha nikaenda kwa anayefuata. Sikumsihi, na wenzake niliwakataza kumjibia. Siku ya nne au ya tano nikahisi kidole chake cha shahada kinagonga gotini kwangu: ta, ta. Palepale kwenye nafasi yake. Machozi yalinilenga. Wiki iliyofuata nikampa kopo la maziwa lenye punje za mahindi, akawa anatikisa. "Nipo" yenyewe ilikuja baada ya karibu mwezi, kwa sauti ya chini mno, na darasa zima likashangilia.

Ninavyoamini, mtoto aliyefiwa hana tena uhakika na kitu. Jana bibi yupo, leo hayupo, na hakuna aliyemweleza vizuri. Wimbo unaorudi vilevile, saa ileile, ni mahali ambapo anajua kinachofuata. Tena anaweza kuingia kwa kidole tu, kabla hajawa tayari kwa maneno. Mwaka 2010 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliwachezesha watoto wa miaka 4 wawili wawili. Waliocheza kwa kuimba na kupiga ala pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo kama huo bila muziki. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka watoto wangu wakishangilia ile "Nipo".

Sasa simu. Sisemi haina kazi. Kule Montreal, Kanada, mwaka 2015 vichanga walisikilizishwa rekodi za wimbo wa Kituruki, lugha wasiyoijua, wakatulia kama dakika 9 kabla ya kuanza kulia. Waliposikilizishwa maneno ya kawaida walitulia kama dakika 4 tu. Kwa hiyo hata sauti iliyorekodiwa inatuliza. Lakini simu haisubiri. Haioni kidole kinachogonga gotini. Na video nazo zina mipaka: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wake asizidi saa 1 kwa siku mbele ya kioo.

Kwa hiyo tunga wimbo mfupi wa njiani, wenye jina lake, unaoanza ukifunga mlango na kuisha mkifika getini. Usiubadilishe. Mwisho wake ndiyo kwaheri yenu, na hapo uondoke akikuona. Ukimtoroka, kesho atakung'ang'ania zaidi. Mwombe mwalimu wake naye auimbe anapompokea. Kuna shule zinafuta nyimbo za asubuhi ili waandike zaidi, hata miaka 4, na jambo hilo linaniuma sana. Ukikuta hivyo, zungumza nao.

Spika kubwa mwepushe. Mtoto mwenye hofu akiziba masikio, muziki umeshageuka kelele.

Kama hata nyumbani ameacha kuongea, hachezi, hali, au ameanza tena kukojoa kitandani na wiki zinapita, usitegemee nyimbo peke yake. Mpeleke hospitali, eleza yote na msiba pia, uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Muhimbili wanacho. Nyimbo ziendelee sambamba na matibabu.

Kitu cha mwisho, na usikiogope. Kama baba yake alikuwa na wimbo wa kumwogeshea au wa kumlazia, msiufiche. Watu wengi wanauzima kabisa wakidhani unamtonesha mtoto. Uimbe wewe, jioni, taratibu, ukifika sehemu aliyokuwa anaitikia unyamaze kidogo. Huenda akalia, na wewe ukalia. Mpakate tu, umalizie beti.