Jibu kwa wa Chake Chake, Pemba: nyota wa Dar anataka pesa zote kabla hajapanda boti

USIMPE. Sijamaliza kusoma ulichoandika nishaanza kujibu, kwa hiyo nikiruka mambo nivumilie. Timu ya mtaa ya mpira wa kikapu, mchango wa wazee na akina mama wauza maandazi, mchezaji nyota kutoka Dar, goti "lilimsumbua kidogo mwaka jana ila limeshapona", na anataka pesa za msimu mzima mkononi kabla hajagusa kisiwa. Halafu unatuuliza raba gani zinafaa kwenye saruji! Raba, yakhe?

Sisi huku Unguja wa kwetu tulimlipa zote. Taslimu. Kuna bwana mmoja, simtaji, alituambia tukichelewa timu ya bara inamchukua. Bwana huyu sijamuona hata siku moja kashika mpira, lakini simu yake imejaa video: kijana anaruka, anadanki, yaani anautia mpira kapuni kwa mkono toka juu, ananing'inia kwenye ringi, watu wanapiga mayowe. Simu ikazunguka barazani mkono kwa mkono, kila mtu akaona kombe. Hakuna aliyeuliza video ni za lini. Tuliziulizia baadaye, na kijana mwenyewe, mkweli kuliko dalali wake, akatwambia bila kupepesa: "Hizo kabla sijaumia."

Mimi ndiye niliyetumwa kumpokea bandarini. Watu wanateremka na mabegi na madumu yao, yeye anateremka ngazi ya boti kwa ubavu, mguu ule ule unatangulia kila kidato, mkono hauachii chuma. Nikaona. Nikajisemea bahari ilikuwa chafu, kijana kachoka. Pesa ikishatoka macho nayo yanajifunza adabu.

Robo ya kwanza ya mechi ya kwanza alitutia wazimu, sitaki kumdhulumu. Robo ya pili akaruka kugombea ribaundi, mpira uliogonga ringi ukarudi, akatua, na kabla refa hajapuliza kitu akawa keshajipeleka benchi mwenyewe, anafungua bandeji. Hakuanguka, hakulia, hakumtazama mtu. Asubuhi yake goti limevimba hata suruali haipandi. Barafu tukawa tunanunua kwa wauza samaki, kwa hiyo goti la nyota wetu lilinuka changu msimu mzima. Alikaa kwetu, akala pweza wa nazi, akanenepa, akawa mshauri wa ufundi. Nadhani mshauri ghali kuliko wote Afrika Mashariki. Kumdai? Pesa zilishakuwa mabati juu ya nyumba ya mama yake. Nani apande akayavue?

Kijana sina kinyongo naye. Ni yule bwana. Kachukua chake mwanzo, "ya chai", na kwa chai ile angeweza kuandalia maulidi. Tulipomfuata akatujibu kuumia ni kadari ya Mungu. Kadari! Mungu ndiye aliyekutuma utuoneshe video za zamani, sheikh? Mpaka leo anapita barazani, anatoa salamu kwa sauti ya juu kabisa, na sisi tunaitikia kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini tunaitikia fupi.

Sasa hoja yako iliyonipandisha presha: "mbona hata Philadelphia wamemwamini Embiid na majeraha yake." Ndugu yangu, mie ni shabiki wa Sixers, hiyo hiyo timu ya Philadelphia kwenye ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Naamka saa tisa ya usiku kwa ajili ya timu ile, nafungua simu, jina la Joel Embiid liko kwenye orodha ya wagonjwa, narudi kulala na hasira. Usinihadithie Embiid.

Walimchagua wa tatu mwaka 2014 kwenye drafti, pale timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya, misimu miwili ya mwanzo hakucheza hata mechi moja kwa ajili ya mguu. Msimu wa tatu akacheza mechi 31. Walipompa mkataba mkubwa 2017, miaka mitano, dola milioni 148, hawakuwa wajinga: waliandika kwamba akikosa mechi 25 au zaidi kwa majeraha yale yale ya zamani ya mguu na mgongo, na dakika zake zisifike 1,650, klabu inaweza kumuacha kwa pesa pungufu. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiga, na hiyo ndiyo uliyoiruka wewe! Kisha akawa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2022/23, watu tukalewa. Tarehe 22 Januari 2024 kawafunga Spurs pointi 70. Siku nane baadaye, kwenye mechi na Warriors, akaumia goti la kushoto, upasuaji. Septemba ya mwaka huo huo wakamuongezea miaka mitatu, dola milioni 193. Msimu uliofuata alicheza mechi 19 kati ya 82, timu ikashinda 24 ikafungwa 58, na Aprili 2025 goti lile lile likarudi kwa daktari.

Na wao wana tajiri. Wao mshahara ukipotea bure, tajiri ananuna kidogo kisha anakwenda kula. Nyinyi mkipoteza, mtapishana kila asubuhi na bibi aliyetoa shilingi elfu mbili zake za maandazi.

Kwa hiyo: LIPA MECHI, USILIPE JINA. Mpe nauli ya kuja na kurudi, mpe pa kulala na chakula. Pesa yake aichukue mechi ikiisha, mbele ya mwekahazina, kwa mechi aliyocheza. Akiumia kwenye mechi yenu mtibuni, hilo ni haki yake na msilikwepe. Lakini mechi asiyocheza haina malipo, na liandikwe kwenye karatasi, asaini yeye, si dalali. Akikataa, keshakujibu kuhusu goti.

Na kabla ya karatasi, mchezesheni siku mbili mfululizo. Siku moja haitoshi. Goti bovu likipashwa moto hucheza vizuri tu, uvimbe unakuja usiku, kwa hiyo mtazame asubuhi ya pili anavyoinuka kitako, mwambie achuchumae mpaka chini, mwambie ateremke ngazi. Atakwambia daktari kamruhusu. Mwambie ngazi ni hizi hapa.

Mbao za kikapu, kwa vile umeuliza: plaibodi nene iliyopakwa rangi vizuri pande zote, chumvi isiile. Ringi mita 3.05, na ipimwe saruji ikishamwagwa, sio kabla, la sivyo utapata ringi fupi na kila mtoto Chake atakuwa anadanki.

Lakini hebu nirudi kwa mtu wenu. Umeandika "kuna bwana anatuunganisha, ana video zake nzuri sana." Ni mnene kidogo, ana simu mbili, anaanza kila neno na "mie sina maslahi hapa"? Nitumie jina lake faragha, leo leo, kabla hamjatoa hata thumuni.