Kabla hujapiga hiyo picha ya kifua, andika kazi yako

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema huu ni mwaka wa tisa unakata mawe, kikohozi hakiishi, kesho unapiga eksirei, na ukiulizwa kazi utajibu "biashara" ili kibarua kisije kikaota nyasi. Halafu unauliza picha huwa inakosea kiasi gani, CT (ile picha ya mashine ya kompyuta inayoonyesha kifua vipande vipande) ni bora zaidi au la, na majibu huchukua siku ngapi. Nakusihi, usiseme biashara! Mimi nilisema "kazi za kawaida", na kauli hiyo imenigharimu mapafu.

Nilikuwa nakata na kung'arisha mawe, miaka 11. Msimamizi wetu alitufundisha: "Hospitali usitaje vumbi, utasimamishwa kazi." Tukamtii. Kwenye fomu yangu ya eksirei likaandikwa neno moja tu, kikohozi. Daktari akainua picha kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha vidoa vyeupe kama punje za mtama, vimejaa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili. TB, akasema. Makohozi yalipimwa hayakuonyesha kitu, lakini dawa nikaanzishiwa. Nikameza miezi 6 bila kuruka hata siku moja.

Dawa hazikuniponza. Kilichoniponza ni kuamini kwamba nimetibiwa, nikarudi kwenye mashine na vumbi lile lile, kavu, bila maji, miaka miwili mingine. Nilipopelekwa CT, vile vidoa vilishaungana vikawa mabonge, kulia na kushoto. Hayo hayarudi nyuma. Leo nikipanda ngazi napumzika katikati.

Yule msimamizi sijamsamehe. Alijua vumbi ni baya, ndiyo maana yeye alikaa nje na mlango kaufunga.

Aliyesoma CT ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana. Alinigeuzia kioo, akanionyesha tezi za katikati ya kifua zimezungukwa na chokaa kama ganda la yai, akasema, "Kaka, umewahi kufanya kazi ya mawe?" Nilibubujikwa na machozi pale pale.

Elewa hili: vidoa vya silikosisi, huu ugonjwa wangu wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na TB nayo hupenda huko huko. Sarkoidosisi, ugonjwa mwingine unaoleta vivimbe vidogo mapafuni, pia inaweza kufanana na silikosisi. Picha inaonyesha vidoa, haisemi vimeletwa na nini. Shirika la Kazi Duniani lina utaratibu wake: picha hulinganishwa na picha za mfano, wingi wa vidoa ukapewa daraja moja kati ya 12. Hata hivyo, wabobezi wawili hutofautiana, hasa ugonjwa ukiwa mchanga, na msomaji yule yule akirudishiwa picha ile ile siku nyingine anaweza kutoa daraja tofauti. Sasa fikiria daktari mwenye foleni mlangoni, hajui hata kama uliwahi kushika jiwe.

CT huona mapema kuliko eksirei, kwa hiyo eksirei ikitoka safi usishangilie. Lakini nayo inasomwa na mtu, na mtu huyo anahitaji kujua ulivuta nini.

Chukua karatasi. Andika kazi yako, tangu mwaka gani, mawe ya aina gani, mnakata kavu au kwa maji, mnavaa barakoa gani. Ibane kwenye fomu ya eksirei na uhakikishe imemfikia anayesoma picha, si kubaki kwa anayepiga. Una picha za zamani? Beba zote. Na makohozi yapimwe, usikatae, maana vumbi la mawe humfungulia TB mlango na unaweza kuwa na vyote viwili.

Umesema kesho asubuhi. Basi andika usiku huu, ukimaliza iweke hapa tuisome kabla hujatoka.